Kilo za Nyumba ya Mjomba

Tarehe 4 Januari

Mpwa wangu, mpimaji wa malori,

Shikamoo nimeshajiamkia mwenyewe kwa niaba yako, maana najua ungekuwa hapa ungeniamkia. Marahaba. Mimi mzima. Meno ya mbele yote yapo, macho yanaona mpaka ng'ambo ya barabara, na bega la kulia ndilo linanung'unika asubuhi, nalo nimelizoea kama mke wa pili.

Nyumbani hapa mwanangu mkubwa amehamia na mkewe na watoto wao watano. Tuko wanane sasa, nyumba imechangamka. Mimi wamenipa chumba cha mbele, kile ambacho kila mtu anapitia akitoka nje. Wanasema ni kwa heshima. Basi nakaa kitandani kwa heshima yangu, nawaangalia wakipita. Migongo yao yote naijua. Ukinionyesha mgongo nakutajia mwenyewe.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Unaikumbuka ile pikapu nyeupe ya ghalani? Ghala lilipofungwa tajiri akatuambia wapakiaji, kila mtu achukue kitu cha kumkumbuka. Wenzangu wakachukua viti, mmoja akachukua saa ya ukutani, imesimama mpaka leo. Mimi nikachukua pikapu. Haikuwa na injini, lakini mimi nilikuwa na subira. Fundi magari wa hapa mbele kaifufua, na inanguruma vizuri.

Juu ya mgongo wake nimejenga nyumba. Usicheke. Nyumba kamili, plaiwudi na mabati, kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, madirisha mawili na tanki la maji lenye bomba lake. Nasimama wima humo ndani bila kuvua kofia. Mlango una kufuli, na ukiufunga hapiti mtu.

Nakuja nayo kwako. Miaka mitatu sijakuona, na tangu tumzike mke wangu hujapata likizo. Mimi ninayo likizo mpaka kufa. Nitaegesha nje ya geti lenu, nitalala kwangu, nitapika kwangu, hata mkeka sikuombi.

Tatizo ni huyu fundi. Anazunguka gari kama mganga anazunguka mgonjwa, halafu ananiambia, "Mzee, hii pikapu itakaa chini kama kuku wa kutaga." Nikamwambia mimi nina mpwa anayepima malori kwa mizani ya serikali, atakujibu yeye. Kwa hiyo andika, kwa mkono wako, na muhuri wa kazini kama unapatikana, kwamba gari langu linabeba. Nataka nikaibandike mlangoni kwake.

Msalimie mkwe wangu. Mwambie asihangaike.

Mimi mjomba wako, bega la ghala.


Tarehe 29 Januari

Mjomba wangu mpenzi,

Marahaba umeshajipa, basi mimi nikupe pole ya bega. Barua yako nimeisoma nikicheka mpaka dereva mmoja akagonga kioo akidhani namcheka yeye. Alikuwa amezidisha kilo mia sita, hakuwa na hamu ya kuchekwa.

Huku wote wazima. Kazi ni ile ile. Lori linapanda mizani, namba zinatokea, namwambia dereva pita au shusha. Wakiwa wamezidisha wananiita dada, wakiwa sawa hawaniiti kitu. Nimekaa chini dirishani, wao wako juu kwenye kebini, kwa hiyo siku nzima naongea na magurudumu.

Mjomba, muhuri sina. Na barua unayoitaka siwezi kuiandika bila kujua namba. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango, kuna kibamba kidogo cha chuma. Kina uzito umeandikwa. Uandike kama ulivyo, usiuzungushe. Halafu niambie nyumba yenyewe ina kilo ngapi, na kila kitu umekiweka wapi, mbele karibu na kebini au nyuma karibu na mlango. Na tairi zina umri gani.

Najua unajua mizigo kuliko mimi. Wewe ndiye uliyenibeba begani kwenda shule mwaka aliokufa mama, na siku moja ukamwambia mwalimu, "Huyu amepungua kilo mbili, mnamfanya nini?" Lakini gari halina bega la kulalamika. Linanyamaza mpaka siku linapokatika.

Salamu kwa wote wanaopita.

Mpwa wako.


Tarehe 21 Februari

Wewe mtoto,

Natumai hujambo na mkwe wangu hajambo, ingawa naona hukumtaja, ukasema tu "wote wazima". Wote ni wangapi? Mimi nikisema wote nahesabu.

Hapa tumepata msiba wa televisheni, imekufa. Nyumba nzima ikakaa kimya siku mbili, nikasema sasa tutazungumza. Siku ya tatu wakaleta nyingine.

Bamba nimeliona. Limeandikwa 2,780. Kusoma unajua sikufundishwa na mtu, nilijisomea kwenye magunia na milango ya malori, kwa hiyo namba za uzito ndizo ninazozisoma vizuri kuliko jina langu.

Nyumba ina kilo mia tisa na sitini. Usiniulize nimepima wapi. Nimepima hapa, begani. Kila ubao, kila bati, kitanda, jiko, nilikiweka begani kabla ya kukipigilia, nikasema namba, nikaiandika ukutani kwa mkaa. Hilo bega limefanya kazi ghalani miaka arobaini na moja. Ilipoharibika mizani ya ghala, tajiri alifanyaje? Alifunga ghala? Aliniita mimi. Nikasimama mlangoni siku tisa, gunia linapita begani kwangu, nasema tisini na tatu, nasema themanini na nane, karani anaandika. Mizani ilipotengenezwa wakarudia yote. Nilikosea gunia moja, na hilo lilikuwa na panya ndani. Panya alitoka kabla ya kupimwa mara ya pili! Tajiri mwenyewe alikubali kwamba kosa ni la panya.

Basi fanya hesabu. Elfu mbili mia saba na themanini, toa mia tisa sitini, nimebakiwa na elfu moja mia nane na ishirini. Naweza kuongeza ghorofa! Nimemwambia fundi, kaingia chini ya gari la mtu mwingine.

Vitu nimevipanga hivi: kitanda mbele, meza katikati, jiko na tanki la maji nyuma kabisa mlangoni, ili nikifungua mlango niwe na jiko mkononi kama mtu na veranda yake. Tairi zina umri wa kati, kama wewe.

Mjomba wako mwenye kilo elfu moja mia nane za ziada.


Tarehe 16 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa televisheni.

Ghorofa weka pembeni kwanza. Ile 2,780 kwenye bamba si mzigo unaoweza kubeba. Ni jumla ya kila kitu kinachogusa barabara kupitia tairi zile nne: gari lenyewe, mzigo, mafuta, na wewe na kofia yako. Gari lenyewe likiwa tupu lina kilo kama 1,610. Toa hizo, unabakiwa na 1,170. Toa wewe, sabini. Toa tangi la mafuta likijaa, sitini. Toa jeki, tairi la akiba na sanduku la spana, arobaini. Imebaki elfu moja kamili.

Nyumba ikiwa mia tisa sitini kweli, umebakiwa na kilo arobaini. Arobaini, mjomba. Huo ni mfuko mmoja wa saruji usiojaa.

Lakini jumla siyo jambo lote. Tanki na jiko umeviweka nyuma ya ekseli ya nyuma, ule mhimili unaoshika tairi za nyuma. Mzigo ukikaa huko unainua pua ya gari. Tairi za mbele ndizo zinazokata kona, na zikiwa zinagusa barabara kwa kuombewa, usukani unakuwa mwepesi, unazungusha na gari linakwenda linakotaka. Nimemwona hapa dereva wa pikapu kama yako, kapakia mashine nyuma kabisa. Alifika kwetu anacheka, anasema gari limekuwa laini leo. Tulimshusha pale pale. Sikuambii hili kukutisha. Kweli ni kukutisha.

Tafuta mizani. Kinu chochote cha nafaka, machimbo yoyote ya kokoto wanayo. Pandisha gari zima likiwa limejaa kama siku ya safari, halafu pandisha tairi za mbele peke yake, halafu za nyuma peke yake. Namba tatu. Niandikie hizo.

Au njoo na basi. Ila si sasa hivi, kuna ukarabati nyumbani, vumbi kila mahali. Nitakuambia ukiisha.

Mpwa wako.


Tarehe 10 Aprili

Mpwa wangu mwenye vumbi,

Umesema mwenyewe, kwa mkono wako, nimebakiwa na arobaini! Nimeisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya gereji, watu wanne wakisikiliza na mbwa mmoja. Sikusoma yote, nilisoma mpaka kwenye arobaini. Fundi akasema, "Soma na chini yake." Nikamwambia chini yake ni mambo ya kifamilia.

Hata hivyo si kwamba sisikii. Nimemwambia aongeze springi za nyuma, zile nene za lori dogo. Sasa gari limesimama mgongo juu kama paka aliyeona nyoka. Halikai chini tena.

Kwenye mizani siendi. Mimi nimepima vitu vya watu maisha yangu yote, leo nipandishwe mimi kama gunia, kijana aangalie kioo aniambie nimezidi? Bega langu limesema. Na wewe tangu lini unaamini kioo kuliko mjomba wako?

Haya, na ukarabati. Nimefikiri sana juu ya ukarabati huo. Januari nilipokuambia nakuja haukuwepo. Nilipokuambia nimepata namba, ukawepo. Kilo zinapungua, vumbi linaongezeka. Kama mkwe wangu hataki wageni sema, mimi si mtoto. Nimeshakaa kwenye nyumba ambazo sitakiwi, naijua harufu yake, watu wanakuwa na adabu mno. Hapa wamekuwa na adabu mno tangu Desemba. Juzi mwanangu amekuja akakaa kando yangu, mara ya kwanza mwaka huu, nikafurahi nikajisogeza apate nafasi. Akauliza, "Baba, ukisafiri, chumba cha mbele unaniachia ufunguo?" Nikasema ndiyo. Hakuuliza narudi lini.

Natoka tarehe moja Juni. Nitaenda polepole, siku nne, tano. Nitaegesha nje ya geti. Mkitaka kunisalimia, mtapiga hodi kwenye mlango wangu. Msipotaka, nitawaona mkipita.

Mjomba.


Tarehe 19 Mei

Mjomba wangu,

Barua hii nimeiandika mara nne, hii ya tano ndiyo naipeleka, nikichelewa zaidi utakuwa umeshatoka.

Hakuna ukarabati. Hakuna geti. Mkwe wako aliondoka mwaka jana mwezi wa saba. Hakupigana na mimi, hakunitukana, alipanga nguo zake vizuri akaniuliza kama nataka kitanda, nikasema chukua. Nyumba ile ilikuwa ya kupanga, niliirudisha kwa mwenyewe. Sasa nakaa kwenye makambi ya kazini nyuma ya mizani, chumba namba tatu. Kina godoro, ndoo na msumari wa kutundika sare. Nakula nimesimama dirishani kwa sababu nikikaa chini peke yangu na sahani naona kama nangoja mtu.

Sikukuambia kwa sababu wewe ulimwambia kila mtu mtaani kwamba mpwa wako kaolewa na mtu mwenye nyumba ya vigae. Nilikuwa nakupenda ukiringa hivyo. Nilitaka uendelee.

Kwa hiyo ulikuwa sawa, nilikuwa sitaki uje. Lakini kuhusu gari nilikuambia kweli tupu. Kilo hazijui kama nina mume au sina. Springi zinainua mgongo tu, mjomba. Breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, tairi ni zile zile. Gari linaonekana halijaelemewa na kumbe limeelemewa vile vile, hapo ndipo linapokuwa hatari zaidi.

Usitoke kabla ya kupima. Nakusihi. Ukipima na ukiwa umezidi, niandikie, tutapata njia. Uje na basi, uje kwa miguu, uje ulale kwenye godoro na mimi nilale sakafuni. Sijawahi kukusihi kitu. Nakusihi hiki.

Mpwa wako.


Tarehe 8 Juni
Machimbo ya kokoto, chini ya mlima

Mpwa wangu,

Salamu kutoka barabarani. Mimi mzima, na hilo neno safari hii nimelipima kabla ya kuliandika. Sijapata jibu lako la mwisho. Labda hukuandika, labda lilikuja nikiwa nimeshatoka. Nilitoka tarehe moja kama nilivyosema. Fundi alinipa mkono, mwanangu alikuwa kazini. Wajukuu walikimbia nyuma ya gari mpaka kwenye kona, hao sikuona migongo yao, niliona nyuso kwenye kioo.

Siku mbili za kwanza nilikuwa mfalme. Madereva wa malori wananipigia honi, kituo cha mafuta watu wanapanga foleni kuchungulia ndani. Mama mmoja akaniuliza, "Mzee, mkeo yuko humo?" Nikasema amelala. Nikaendelea na safari, na kilomita kama tano hivi sikuimba.

Siku ya tatu mchana nikaanza mlima. Nitakuambia kama ilivyokuwa, ingawa ningeweza kuipamba. Kwenye kupanda, usukani ukawa mwepesi. Mwepesi kama wa kitoto cha kuchezea. Nikakata kulia, gari likafikiri kwanza, halafu likakata. Nikakumbuka yule dereva wako anayecheka. Nikajaribu kucheka, haikutoka. Nikafika juu, nikashukuru, nikaanza kushuka. Nikakanyaga breki mara ya kwanza, sawa. Mara ya nne ikanuka. Mara ya saba nilikuwa nakanyaga sakafu. Nikaweka gia ya pili, gari likapiga kelele kama nguruwe, lakini nyumba nyuma yangu ilikuwa inataka kwenda, mpwa wangu, ilikuwa inanisukuma shingoni kama mtu aliyechelewa. Chini kwenye kona niliona rundo la kokoto nje ya machimbo. Sikukata kona. Nilikwenda moja kwa moja kwenye rundo.

Nilikaa ndani ya gari na mikono kwenye usukani, nikasikia maji ya tanki yakiyumba huko nyuma, huku, kule, huku, kule, mpaka yakatulia. Watu wakaja wakanitoa. Sikuvunjika kitu. Kofia sijaipata.

Walivuta gari kwa winchi, na njia ya kuingia ndani inapita juu ya mizani yao. Sikupanda kwa kutaka, nilivutwa. Karani wa mizani ni mama mmoja mnene mwenye miwani, akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, bamba lako linasema ngapi?"

"Elfu mbili mia saba themanini."

"Umepima ngapi nyumbani?"

"Elfu mbili mia saba arobaini. Kwa bega."

Akaangalia kioo chake, akaniangalia mimi, akavua miwani. "Bega la nani?"

Elfu tatu na tisini. Nimezidi mia tatu na kumi. Nilimwambia mizani yake mbovu. Akapandisha lori lao tupu, ikatoa namba iliyoandikwa mlangoni mwa lori, kilo kwa kilo. Nikakaa kwenye jiwe nikahesabu upya, siku nzima nilikuwa na nafasi.

Bega halikukosea. Kila kilichopita begani kilikuwa sawa. Lakini maji hayakupita begani, yaliingia kwa mpira wa bomba, lita mia na sitini. Boriti za chini zililetwa na mkokoteni mpaka mlangoni, kilo mia. Springi alizibeba fundi, thelathini. Misumari, bolti, gundi, rangi, nani anaweka misumari begani? Sitini. Jumlisha. Mia tatu hamsini. Zile arobaini zako zimeliwa humo, na juu yake mia tatu na kumi. Sikuwahi kuhesabu kitu ambacho sikukibeba mwenyewe. Ghalani kila kitu nilikibeba mwenyewe.

Na zile namba zako mbili nyingine karani alizichukua pia. Za mbele zilikuwa ndogo mpaka akasema, "Hii umeiendesha au imekuendesha?"

Sasa nyumba wameishusha kwa mashine yao ya kunyanyulia, iko juu ya mapipa manne karibu na geti la machimbo. Breki za pikapu zimetengenezwa. Na mimi nimepata kazi. Ndiyo, kazi, umri huu. Niangalie geti mchana, niandike malori yanayoingia. Nilikataa siku mbili wakanibembeleza. Siku moja, sema kweli. Nusu siku.

Pikapu peke yake ingefika kwako kesho kutwa. Nimeliangalia sana jambo hilo. Lakini nilikuwa nakuja na kwangu, ili nisiwe mzigo kwa mtu. Nikija bila nyumba nakuja kama mgeni, na wewe hukusema njoo. Nimezisoma tena barua zako zote mbili, nimetafuta neno hilo mstari kwa mstari. Liko mara moja, kwenye basi, halafu likafuatwa na "si sasa hivi". Sikulaumu. Mtu ana nyumba yake na mume wake. Basi nitakaa hapa. Mahali si pabaya. Wanapita wengi, na kwa sababu ya kitabu cha geti inabidi wasimame.

Msalimie mkwe.

Mjomba wako, msimamizi wa geti.


Tarehe 17 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako imefika kwa siku sita, uko karibu na mimi kuliko ulivyowahi kuwa. Nimeisoma nikiwa kazini, malori matatu yamepanga foleni yanapiga honi, na la mbele nimelipitisha bila kuangalia namba. Miaka tisa sijafanya hivyo. Likiwa limezidi, dhambi ni yako.

Ulipofika kwenye gia ya pili niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Niliandika Mei. Barua hiyo iko nyumbani kwako, bila shaka iko juu ya kitanda cha chumba cha mbele, au kuna mtu amelala juu yake. Nilikuwa nimeandika humo jambo ambalo ilinichukua mwaka mzima kuliandika. Sitaliandika tena, sina nguvu ya mara ya pili kwa kalamu. Humo humo nilisema uje. Nilisema uje hata kwa miguu. Neno lilikuwepo, mjomba, halikukukuta tu.

Kuhusu nyumba, nimeipigia hesabu kwenye karatasi ya kazini. Ukimwaga maji yote bado umezidi mia na hamsini. Ukitoa jiko na meza bado. Ili ipande mgongoni kwa halali inabidi ung'oe boriti na upande mmoja wa ukuta, na hapo si nyumba tena. Iache kwenye mapipa. Mwambie yule mama mwenye miwani kwamba mpwa wako anamsalimia, na kwamba namba zake naziamini.

Na wewe usije. Usinielewe vibaya, soma mpaka mwisho, usifanye kama ulivyofanya gereji. Usije, kwa sababu nakuja mimi. Nina siku za likizo za miaka mitatu sijazigusa. Mkubwa wangu wa kazi aliponiona na fomu aliuliza nani kafariki. Nimemwambia hakuna, bado.

Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, basi la asubuhi. Kondakta amesema linasimama hapo machimbo ukimwomba. Nitashuka peke yangu. Niandike kwenye kitabu chako cha geti kama mtu mwingine yeyote, saa ya kuingia. Ya kutoka usiijaze. Halafu nionyeshe kitanda kilipo, na usiniulize habari za mtu yeyote mpaka nitakapoamka.